Pembe Iliyogeuziwa Nyikani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hata bibi yangu nilipomuuliza alinifokea, palikuwa na nchi ya milimani iitwayo Irondo. Nchi yenyewe ndogo. Ukitoka asubuhi upande mmoja, jioni umeshafika upande wa pili na miguu haijakuuma. Ilikuwa na migomba, ilikuwa na viazi, na ukungu ulikuwepo wa kugawia majirani. Lakini mali yao kubwa ilikuwa ndiva.

Kama kuna mtu hapa haijui ndiva, asione haya, nitamwambia. Ni bwawa lililochimbwa kwa mikono, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo, linakinga maji ya kijito. Likijaa, linafunguliwa kwa zamu, maji yanashuka mashambani. Ndiva ya Irondo ilikaa juu kabisa, na chini ya ukuta wake palikuwa na nyumba saba. Siku za kawaida wenye nyumba zile walionewa wivu, kwa sababu maji yalikuwa mlangoni pao. Siku isiyo ya kawaida tutaifikia.

Ndiva ilikuwa na sheria yake, sheria ya pembe. Pembe ya tandala ilitundikwa ukutani. Ikipulizwa, kila aliyewahi kunywa maji ya ndiva anaacha alichoshika anakuja. Unalima? Weka jembe chini. Unakula? Rudisha tonge. Unagombana na mumeo? Njoo naye, mtamalizia mkirudi. Asiyekuja ananyang'anywa mbuzi. Anayechelewa anaimbiwa na wanawake mpaka atamani ardhi immeze, na watu wa Irondo waliuogopa ule wimbo kuliko kupoteza mbuzi. Sasa nisikilizeni vizuri hapa: sheria haikusema aliyezaliwa wapi. Ilisema aliyewahi kunywa.

Basi alikuwepo mwanamke jina lake Nakijwa. Huyu hakuzaliwa Irondo. Alipandishwa kutoka nyikani mwaka wa njaa, mgongoni mwa mama yake, akiwa na meno mawili tu kinywani. Mama hakumaliza mwezi, akafa. Mzee aliyekuwa mtunza ndiva akamchukua yule mtoto, akamlea pale pale ukutani. Nakijwa akajifunza kutembea juu ya ukuta wa ndiva. Akajifunza kukanda udongo kwa visigino. Akajifunza kuweka kiganja kwenye jiwe na kusema, hili limelowa kwa mvua, hili limelowa kwa kuvuja. Yule mzee alipofariki, hakuna aliyeuliza nani ashike kazi yake. Akashika Nakijwa.

Akaolewa na kijana wa Irondo, Mruma, mwana wa Kiende, katika mojawapo ya zile nyumba saba. Mruma akafa kwa homa, mkewe akiwa na mimba. Akazaliwa mtoto wa kike, akaitwa Tendwa. Wakabaki watatu ndani ya nyumba: Kiende bibi, Nakijwa mama, na Tendwa anayelia. Kiende alikuwa na ulimi, jamani. Akiamka anaanza, akilala anamalizia. Lakini chungu kilikuwa kimoja na walipakua pamoja.

Ukaja ukame wa miaka miwili. Migomba ikakunja majani. Mfumwa Kimeri, ndiye mtawala wa Irondo, akaketi na wazee wake wakasema chakula hakitoshi, nchi imejaa. Wakaamua: aliyepanda kwa ajili ya njaa, ashuke. Wahesabuji wakapita nyumba kwa nyumba. Walipofika kwa Kiende, Nakijwa alikuwa ndivani. Wakauliza, "Mkweo huyu kazaliwa wapi?"

Asubuhi ile Nakijwa alikuwa amepasua mtungi wa Kiende, mtungi aliopewa na mama yake mzazi. Kiende alikuwa bado anafukuta. Akasema, "Huyo? Wa nyikani huyo, hana hata adabu ya kushika vyombo."

Basi. Hayo tu. Kila mtu Irondo alijua Nakijwa katoka wapi, lakini kujua ni kitu kimoja na kumwambia mhesabuji ni kitu kingine. Mchana ule ule walimfuata. Waliokusanywa siku hiyo kutolewa walikuwa watu kama arobaini, wakateremshwa mpaka mpakani. Mpaka wa Irondo ulikuwa ua wa masale, yale majani marefu ambayo wenyeji hupanda kuonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Kwenye ua palikuwa na lango moja. Wakatolewa langoni, wakasomewa sheria mpya, na Kiende alikuwepo, kashika mkono wa Tendwa.

Sheria mpya ilikuwa hivi. Aliyetolewa akirudi mara ya kwanza, atabeba mawe msimu mzima wa mvua, kisha atavishwa pete ya chuma mguuni na kutolewa tena. Akirudi mara ya pili, ataingia shimo la mawe miaka saba. Shimo hilo ndiko mawe ya ndiva yalikochongwa. Vumbi lake liliingia kifuani likakaa. Wengi walioingia humo miaka saba hawakutoka, na waliotoka walikohoa mpaka mwisho wao.

"Na mtoto?" Nakijwa aliuliza.

"Mtoto ni wa ukoo wa baba yake," wakamwambia. Ukoo haukumwachia.

Wale waliotolewa wakajenga vibanda chini tu ya ua. Wangekwenda wapi? Nyikani hawakumjua mtu. Nakijwa akajenga chake karibu kabisa na lango.

Mlinzi wa lango aliitwa Mbonea. Alikuwa rafiki wa marehemu Mruma, wamechunga pamoja. Kila siku ya soko Kiende alimleta Tendwa mpaka kwenye ua, akamketisha upande wa ndani. Nakijwa aliketi upande wa nje. Akapitisha mikono katikati ya masale, akamsuka mwanawe nywele. Mbonea alisimama pale na mkuki wake, anatazama miti.

Siku moja mpita njia akamuuliza, "Mbonea, ile mikono imeingia Irondo au haijaingia?"

"Mikono si mtu," akasema Mbonea. "Nenda zako."

Tendwa alipata miaka minne akaugua surua. Siku ya soko hazikuletwa nywele za kusuka. Nakijwa aliposikia sababu, hakusubiri ruhusa ya mtu. Alipenya kwenye ua mchana kweupe, akaenda akakaa na mwanawe siku tatu, anamkanda, anampoza, anamnywesha uji kwa ncha ya kidole. Siku ya nne mtoto akaomba kiazi, na Nakijwa akakamatwa akiteka maji ya kukichemshia. Alibeba mawe msimu mzima wa mvua. Kutoka shimoni hadi ndivani, mara kumi na mbili kwa siku, na njia ilipita mlangoni kwa Kiende. Mara kumi na mbili kwa siku alimwona Tendwa. Mabega yalichubuka yakaota usugu. Msimu ulipokwisha wakamvisha pete ya chuma, wakamtoa, naye alilia langoni kuliko siku ya kwanza. Watu walidhani analilia ile pete.

Ndivani, kazi alikuwa amepewa Kilave, mpwa wa Mfumwa. Kilave hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake aliona aibu kuuliza. Kazi ya ndiva haikuandikwa mahali, ilikuwa kichwani mwa Nakijwa, na Nakijwa alitolewa kwa siku moja bila kumfundisha mtu. Basi ukuta ulipoanza kutoa jasho kwa chini, Kilave alifanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Aliona maji yanatokea nje, akaziba nje. Akajaza udongo, akapigilia, akasimama mikono kiunoni, akaridhika. Kumbe maji yaliyozibwa nje bado yanaingia ndani. Yalikosa pa kutokea, yakaanza kutembea ndani ya ukuta, yanakula udongo, yanalegeza jiwe hili na lile.

Mvua ziliporudi, zilirudi kwa hasira. Siku tatu mfululizo. Ndiva ikajaa mpaka juu, na asubuhi ya siku ya nne, watu wakiwa ndio kwanza wanatoka mashambani kunywa uji, ukuta ukatoa sauti kama mtu anayevunja muwa. Kilave akakimbilia pembe, akapuliza.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Tangu wale watu watolewe, wazee walikuwa wameona tatizo. Wale wa chini nao wamekunywa maji ya ndiva. Wakisikia pembe, sheria inawaita. Kwa hiyo wazee waliamuru: pembe ipulizwe mdomo ukielekea mlimani, kamwe usielekezwe nyikani. Na Kilave alifuata amri. Alielekeza mlimani, akapuliza, watu wakaja mbio, wanaume kwa wanawake. Wakaleta udongo, wakaleta mawe, wakaziba nje. Wakiziba hapa, panapasuka pale. Wakiziba pale, pamepasuka huku. Mfumwa mwenyewe alikuwepo, tope mpaka magotini, anapaza sauti, na hakuna aliyejua la kufanya.

Kiende alikuwa amesimama na wenzake, udongo mikononi. Akatazama chini ya ukuta, akaiona nyumba yake. Mlangoni Tendwa alikuwa ameketi na mguu umefungwa majani, kaukanyaga mwiba mkubwa jana yake, hawezi kutembea. Hata wangembeba, palikuwa na nyumba sita nyingine, kuna vikongwe, kuna mzazi wa juzi. Na chini ya nyumba kuna mashamba yote ya Irondo.

Kiende akamnyang'anya Kilave pembe.

"Mama, unafanya nini?"

"Niondokee!" akasema. Akapanda juu ya ukuta, kikongwe yule, akageuza mdomo wa pembe kuelekea nyikani. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mwanamke kupuliza pembe ilikuwa haijapata kutokea, na watu walishangaa kwanza, wakasahau kumzuia.

Chini ya ua, Nakijwa alikuwa anatwanga. Akasikia. Wale arobaini wote walisikia. Wengine walisimama. Wengine wakaenda mpaka karibu na lango, wakatazama ile pete mguuni mwa Nakijwa, wakaketi. Mzee mmoja akamshika nguo. "Mama Tendwa, una pete. Ukivuka leo ni shimo. Wamekufukuza, waache wazame."

Nakijwa alisimama. Msidhani hakuogopa. Aliyaona mabega yake mwenyewe, akalikumbuka lile vumbi na wale watu wanaokohoa. Lakini pembe ile ililia vibaya, pumzi ikikatikakatika, akajua si mpulizaji wa siku zote. Akajua ni nani. Akaangusha mchi.

Langoni alimkuta Mbonea.

"Shemeji," akasema Mbonea, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia."

Wakatazamana. Kisha Mbonea akafungua lango, na hakubaki hapo kulilinda. Akakimbia naye, maana yeye pia alikuwa mnywaji wa maji ya ndiva.

Nakijwa hakumsalimu mtu. Alisema, "Nileteeni makapi ya mtama." Wakaleta. Akayamwaga juu ya maji, ndani ya ndiva, akatulia anayatazama. Wenzake wanapiga kelele, yeye anatazama makapi. Yakaelea, yakazunguka, yakaanza kusogea sehemu moja karibu na ukuta, yakazama pale pale. "Hapo ndipo yanapoingilia," akasema. Akajitosa. Maji yalikuwa ya kifuani. Akapapasa kwa mguu mpaka akalipata tundu, akaliegemezea mgongo, akakaa hivyo, mgongo wake ndio kizibo, huku akiwaelekeza. Maganda ya mgomba. Ngozi ya ng'ombe. Udongo wa mfinyanzi, si huo mwekundu, ule wa kijivu. Kandeni kwa visigino. Leteni. Jua lilipofika utosini, ukuta ulikuwa umenyamaza. Nakijwa alitolewa majini midomo imekuwa myeupe, na mgongoni ana jeraha la mviringo lililonyonywa na lile tundu.

Akashuka nyumbani kwa Kiende. Akamfungua Tendwa majani mguuni, akautazama mwiba. Akaikamua ncha yake iliyobaki. Hapo ndipo walipomkamata.

Siku ya nne baada ya hapo, mvua imekatika, Irondo yote ikakusanyika juu ya ukuta wa ndiva kusikiliza kesi. Na kesi yenyewe ilikuwa ngumu kwa sababu ya maneno mawili ya sheria. Neno la kwanza: kila kurudi kuna adhabu yake, na kwa kurudi kwa pili lazima mtu aingie shimoni, ama aliyerudi ama aliyesababisha arudi, la sivyo sheria imekufa. Neno la pili: kwa kurudi kumoja ataingia mtu mmoja, si wawili. Hilo la pili waliliweka kwa sababu zamani waliwahi kufunga ukoo mzima kwa kosa la mmoja, mashamba yakageuka pori.

Mfumwa Kimeri akasimama. Alikuwa na macho mekundu, hakulala vizuri. Akasema, "Ndugu zangu, bila huyu mama wengine wenu mngekuwa matope. Ninajua. Lakini chini ya ua wapo arobaini, na nyuma yao nyika nzima yenye njaa. Nikisema huyu amevuka na hakuna kitu, kesho niwaambie nini? Viazi mmeviona vilivyo. Semeni nyie. Nani aingie shimoni?"

Mbonea akawahi. "Mimi msinifunge. Nasema kabisa, nina watoto sita. Mlinipa mkuki mkaniambia usifungue. Baba zenu waliniambia ukisikia pembe, acha ulichoshika. Nilishika nini? Nilishika lango. Nikaliacha. Kama nina kosa, kosa langu ni kutii."

Mtu akapaza sauti, "Na ile mikono uliyoacha ipite kwenye ua mwaka mzima?"

"Ile nayo nilisema si mtu," akajibu Mbonea, watu wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha.

Kilave akainuka taratibu. "Ukuta ulilegea kwa mikono yangu. Ningeziba ndani, pembe isingepulizwa. Na niwaambie kitu. Mara mbili niliona unyevu, nikatoka kwenda langoni nimuulize dada Nakijwa. Mara mbili nilifika, nikaona aibu, nikageuka. Sikuvuka mpaka, sikumwita mtu, pembe nilielekeza mnakotaka. Lakini silali. Mkinifunga sitabisha. Ila mjue bado sijui kuitunza ndiva, na mkimfunga anayejua, sitajua kamwe."

Kiende hakusubiri aitwe. "Nifungeni mimi! Ni nani aliyegeuza pembe? Mimi. Ni nani aliyewaambia wahesabuji kazaliwa nyikani? Mimi, kwa ajili ya mtungi! Mtungi, jamani!" Akajipiga kifua. "Nilimtoa kwa ulimi, nikamrudisha kwa pembe, yeye kosa lake lipi? Mimi ni mzee, hilo vumbi litanikuta nusu nimeshakwenda. Mwacheni mwanangu huru."

Watu wakaguna. Wanawake wakafuta macho. Ilionekana mambo yamekwisha: kikongwe ataingia, mama ataachiwa, na kila mtu arudi kulima.

Nakijwa alikuwa ameketi chini, mguu wenye pete umenyooshwa. Alikuwa anasikiliza lile neno, huru. Alilisikia akaliona lango, akakiona kibanda chake nje ya ua, na kinu, na mchi pale alipouangusha. Alimwona Kiende shimoni, na Tendwa ndani ya nyumba peke yake, siku ya soko hakuna wa kumleta asukwe. Akasimama.

"Mama," akamwambia Kiende, "asante. Nyamaza sasa." Kisha akamgeukia Mfumwa. "Nifunge mimi."



"Shimo liko wapi, Mfumwa? Liko ndani ya ua. Mliponibebesha mawe nilimwona mwanangu mara kumi na mbili kwa siku. Watu walidhani nalia kwa sababu ya mzigo. Nililia mliponipumzisha. Sasa mnataka kunihurumia mara ya pili. Nifungeni. Nitachonga mawe, nitakula vumbi. Akipiga kelele anacheza nitamsikia. Miaka saba atakuwa na kumi na miwili, na mimi nitakuwa nimekaa nchi moja naye."

"Utakufa mle!" Kiende akalia.

"Nitafia Irondo."

Mfumwa Kimeri akaketi kwenye jiwe kama aliyesukumwa. Aliposema, alisema polepole, na sijui kama aliyapenda maneno yake mwenyewe. "Ukilitaka shimo, mama Tendwa, basi kwako shimo si adhabu. Nikikupa, kesho wale arobaini watakuja kuniomba nao niwafunge, waishi karibu na watoto wao. Kwako wewe adhabu ni kuachiwa."

"Basi umeshaniadhibu mara mbili," akasema Nakijwa, "na ninyi wote mkaita huruma."

Hapo watu wakalipuka. Mmoja anasema afungwe, amelitaka mwenyewe. Mwingine anasema hatuwezi kumzika mtu mzima mzima aliyetuokoa, ati kwa sababu kaomba. Mwingine, aingie Kilave, uzembe ulianzia kwake. Mwingine, na ndiva nani ataishika? Aingie Mbonea, ndiye aliyeshika lango. Na watoto sita? Aingie Kiende, kakiri. Na Tendwa atabaki na nani? Mzee mmoja akainua mkono akasema kwa sauti ndogo, "Na siku pembe italia tena, tunataka yule mama aje, au asije?" Kelele zikamfunika.

Mfumwa akasema yasiwe maneno ya kupigiana kelele. Kila aliyekunywa maji ya ndiva achukue jiwe moja dogo, akaliweke mbele ya yule anayetaka aingie shimoni. Wakawasimamisha wanne kwa mstari: Mbonea, Kilave, Kiende, Nakijwa. Watu wakaokota mawe. Wakasimama nayo mikononi. Mwenye kumtazama mwenzake, mwenye kutazama maji. Hakuna aliyetaka kutangulia.

Sasa Tendwa naye alikuwa mnywaji wa ndiva, na sheria haikusema umri. Alikuwa ameokota jiwe lake. Akatoka kwa watu, anachechemea kwa ule mguu wa mwiba, akapita mbele ya Mbonea, akapita mbele ya Kilave. Akasimama kati ya bibi yake na mama yake. Kiende akainamisha uso. Nakijwa akamtazama mwanawe, nywele zimefumuka, hazijasukwa tangu siku ya soko iliyopita.

Mtoto akainua macho kwa Mfumwa. "Nikiliweka kwa mama," akauliza, "atakaa?"

Mfumwa akageuza uso. Ndipo kila mtu akalitazama jiwe lililokuwa mkononi mwake.

Na mimi hadithi yangu naitua hapa, siisongezi mbele hata hatua moja. Wewe unayekuna kichwa, na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nilipoanza, nyoosheni mikono. Jiwe hilo, shikeni. Kwa kurudi kumoja ni mtu mmoja, na mtoto bado amesimama anangoja jibu. Je, ni nani aliyestahili shimo? Na yule mtakayemwita huru, mtamfungulia lango aelekee upande gani?